Alama za Makali

Saa kumi na moja alfajiri nafungua ukumbi wa barafu, Viljandi,
nawasha taa moja tu, ya upande wa mlango,
kwa sababu umeme ni ghali na Virve hapendi mwanga.
Kazi yangu mimi ni gari la maji:
nakwangua, namwaga maji ya moto, nangoja yagande.
Miaka ishirini na sita nafuta walichoandika wengine.

Wanasema kuteleza si kuanguka.
Waje hapa waone.
Hapa kuteleza ndiyo kazi
na kuanguka ndio mshahara.

Namkumbuka akiwa na miaka kumi na sita,
gauni la kijani mama yake alilolishona kwa pazia kuukuu la shule,
nywele zimebanwa mpaka macho yakavutika.
Alikwenda Ostrava na begi la kuazima.
Tulimtazama kwenye televisheni ya duka la viatu,
mimi, mama yake, na mwenye duka aliyefunga mapema.
Mruko wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa.
Wa tatu akapaa, nami nikajua kabla hajatua,
kama unavyojua glasi imeshakuponyoka.
Muziki haukumngoja.
Akainuka, akawatabasamia waamuzi
tabasamu la mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.
Wa kumi na tisa.
Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika mahali pawili.
Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo isemwavyo;
yeye kwao alipewa mistari mitatu gazetini,
chini ya bei ya viazi.

Kisha miaka saba ya duka la dawa.
Alinipimia dawa ya kikohozi. Sikumuuliza, hakuniambia.
Viatu vyake nilivihifadhi mimi, nyuma ya makopo ya rangi,
nikivipaka mafuta kila Novemba
kama mtu anayemlisha paka wa jirani.

Siku aliyorudi hakuomba viatu.
Aliomba funguo.

Hufundisha akiwa amempa mtoto mgongo.
Ndiyo, mgongo. Anaukabili ukuta, kikombe cha chai mkononi,
anasikiliza.
Makali ya nje yana sauti ya kitambaa kinachochanwa polepole,
ya ndani hunong'ona,
na mruko ulioharakishwa hugonga kama mdai mlangoni.
"Umechelewesha bega," anasema bila kugeuka. "Rudia."
Loviisa anarudia. Mara arobaini anarudia.
Siku moja mtoto akatua kimya kimya
na Virve akageuka.
Hilo tu. Aligeuka.
Loviisa alilia mpaka akapaliwa.

Mwaka jana Loviisa alichukuliwa na mwalimu wa Tallinn,
mwenye kumbi mbili na daktari wake mwenyewe.
Virve alimwandikia mwalimu huyo kurasa nne.
Niliisoma barua, sikatai; aliniachia niifunge.
Humo hamna hata neno chungu.
"Kiatu cha kushoto kifungwe tundu moja chini.
Akinyamaza, ana njaa.
Asiposhinda, msimwambie chochote ndani ya gari."
Nikaikumbuka safari ile ya kutoka Ostrava,
zaidi ya kilomita elfu,
na kocha wake wa zamani akisema njia nzima.

Leo nimemkuta ndani kabla yangu.
Haruki. Hajaruka tangu siku ile.
Alikuwa akichora duara moja kwa mguu mmoja, ule uliovunjika,
akirudi pale pale alipoanzia, juu ya mstari ule ule,
mara ya pili, ya tano,
mpaka mstari ukawa mfereji mwembamba.
Injini yangu ilishapata joto. Nikangoja.

Halafu nikalifuta. Maji ya moto hayachagui.
Alisimama kando akilitazama likijaa,
akasema kona ya kaskazini ina nundu,
nikasema najua.
Nje Hubert, mwenye miaka mitano, ameshafika,
anavua glavu kwa meno.